CX-5 ya petroli au Atto 3 ya umeme? Niko Mtwara mjini, Newala kila wiki

Korosho_Ghafi

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa wanaoyajua magari haya kwa undani.

Nataka gari moja la familia, viti vitano, lililoinuka kiasi. Nimechuja nikabaki na mawili. La kwanza ni Mazda CX-5 ya petroli, cc 2000, used kutoka Japani. Nikiikosa, Nissan X-Trail T32 ya cc hizohizo. La pili ni BYD Atto 3 ya umeme yenye betri ya kWh 60.48, imetumika kidogo, usukani kulia. Hadi kufika Mtwara ikiwa na namba, Atto 3 imezidi kwa kama milioni 20.

Matumizi yako hivi: nakaa Shangani, kazini na shule ya watoto ni kilomita 35 kwa siku. Kila wiki mara moja napanda Newala kupitia Nanyamba na Tandahimba, kama kilomita 140, na kurudi siku hiyohiyo. Lindi mara moja kwa mwezi, Dar mara tatu au nne kwa mwaka. Kwa mwezi inacheza kwenye kilomita 2,100.

Nyumba ni yangu, umeme wa fezi moja, mita ya LUKU, na gari linalala kama mita 25 kutoka kwenye boksi la breka. Jioni umeme hupungua nguvu mpaka feni inazunguka kivivu.

Hiyo milioni 20 itarudi? Na kwa njia zetu za huku, kipi kitanisumbua zaidi?

Stima_Ligula

Mkuu, nianze na fedha kwa sababu hilo ndilo swali jepesi.

Atto 3 kwenye lami, mwendo wa 80 hadi 90, AC imewashwa, watu wawili watatu ndani, inakula kama kWh 18 kwa kilomita 100. Hiyo ni kwenye betri. Kwenye mita unalipia zaidi, maana chaja iliyo ndani ya gari na waya vinapoteza asilimia 10 hadi 12 kama joto. Weka uniti 20 kwa kilomita 100 (uniti moja ni kWh 1). Bei ya T1, kundi la wateja wa kawaida wa TANESCO, ni shilingi 292 kwa uniti. Ukijumlisha VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (wadhibiti wa nishati) asilimia 1 inafika 356. Kilomita 100 zinakugharimu kama 7,100.

CX-5 ya cc 2000 kwa njia mchanganyiko, tegemea kilomita 11 kwa lita, yaani lita 9.1 kwa kilomita 100. Nimeweka petroli 3,000 ili hesabu isomeke vizuri. Wewe weka bei kikomo ya EWURA ya mwezi husika kwa Mtwara, usichukue ya Dar. Hapo ni 27,300.

Kwa kilomita zako 2,100: umeme uniti 420, kama 150,000. Petroli lita 191, kama 573,000. Tofauti ni laki nne na ushei kwa mwezi, au milioni 5 kwa mwaka. Kwa hiyo milioni 20 inarudi ndani ya miaka minne, na hapo sijagusa oili ya injini, filta na plagi ambazo gari la umeme halina.

Kitu ambacho wengi hawakiingizi: kama mita yako iko D1, ile ya uniti 75 kwa mwezi kwa shilingi 100, gari litakutoa humo. Uniti 70 za nyumba ulizokuwa unazipata kwa 8,500 zitakuwa kama 25,000. Haibadilishi uamuzi, ila iwemo kwenye karatasi.

Sasa waya, na hapa ndipo watu wanapounguza nyumba. Soketi ya kawaida ya ampea 13 haikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa saa kumi mfululizo. Za bei rahisi zinalainika kwa ndani, chuma kinachoshika pini kinalegea, mguso unakuwa mdogo, joto linazidi, plastiki inakuwa ya kahawia na mwisho inayeyuka. Kama lazima utumie soketi, iwe nzito, iwe na waya wake peke yake kutoka kwenye breka, na uiweke chaja kwenye ampea 8. Ekstensheni usiguse kabisa.

Njia iliyo sahihi ni chaja ya ukutani ya ampea 32, inayotoa karibu kW 7. Kwa mita 25, waya wa shaba wa milimita 6 utapoteza karibu volti 6 mzigo ukiwa kamili. Wa milimita 10 unapoteza tatu na nusu. Nyumba ambayo jioni umeme umeshashuka, chukua wa 10. Breka ya ampea 40 pamoja na kifaa cha kukata umeme unaovuja, miliampea 30, aina A, na chaja yenyewe iwe na ulinzi wa umeme mnyoofu (DC) wa miliampea 6. Aina AC iliyozoeleka madukani inaweza kupofushwa na umeme mnyoofu unaovuja kutoka kwenye gari, isikate wakati unaihitaji ikate. Ongeza na kinga ya mawimbi ya umeme kwenye boksi, kwa sababu umeme unaporudi baada ya kukatika huwa unarudi kwa kishindo.

Ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, ndiyo ugonjwa wa Shangani. Mchanga wa pwani ukikauka haupitishi umeme vizuri. Rodi moja iliyochomekwa mwaka wa kujenga nyumba inaweza kusoma mamia ya ohm. Chaja nyingi zikikuta hivyo zinagoma kuwasha, mwenye gari anadhani chaja ni mbovu. Piga rodi mbili au tatu za mita moja na nusu, ziachane mita tatu, ziunganishwe kwa waya mnene, na zipimwe kwa kipima ethi. Tafuta chini ya ohm 10.

Uwanda_wa_Makonde

Hesabu ya Stima nimeipitia, iko sawa. Ila mimi ningeanzia Newala, maana safari hiyo ndiyo inayoamua gari, na wengi wanaamua kwa kuangalia mizunguko ya mjini.

Betri ni kWh 60.48. Usipange kushuka chini ya asilimia 10, kwa hiyo una kWh 54 za kufanyia kazi. Kwenda na kurudi ni kilomita 280. Kwa kWh 18 kila kilomita 100 ni 50. Newala iko juu ya uwanda, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Kuliinua gari la kilo 1,750 pamoja na watu na mizigo, tuseme tani mbili, mpaka pale kunakula kama kWh 4 juu ya matumizi ya kawaida. Ukishuka, mota inarudisha kama nusu. Ongeza 2. Jumla ni 52 na kitu. Unaingia Shangani na asilimia 13 hivi.

Hiyo ni siku nzuri. Sasa weka siku ya kawaida ya masika. Kutoka Mtwara hadi Mnivata ni kilomita 50 za lami. Kuanzia hapo kuelekea Tandahimba, Newala hadi Masasi ni ule mradi wa kilomita 160, na kokote unakokutana na mchepuko, kifusi kilicholowa au mchanga laini, tairi linazama kidogo na matumizi yanapanda kwa robo bila wewe kuona tofauti kwenye mwendo. Weka watu wanne, magunia mawili nyuma, AC ya kukausha vioo. Sasa ni kWh 21 kwa kilomita 100: kilomita 280 zinataka karibu 59, na mlima 2. Hufiki. Na kama betri imeshachoka ikabaki asilimia 92, una kWh 55 tangu mwanzo.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: ukifika Newala gari linakaa muda gani, na lina soketi? Saa tano kwenye ampea 10 zinaingiza kama kWh 10 kwenye betri, sawa na kilomita 50. Hizo tu zinatosha kugeuza safari ya wasiwasi kuwa ya kawaida. Bila soketi ya uhakika kule, usinunue gari hili kwa kazi hii.

Na mwendo uwe 80. Kutoka 80 kwenda 100 matumizi yanaongezeka kwa kama moja ya tano. Kwenye petroli unaisikia mfukoni. Kwenye umeme unaisikia kwa kulala Nanyamba.

Korosho_Ghafi

Ahsanteni sana. Newala nakaa saa nne mpaka tano, ofisi ina soketi na naweza kuwekewa moja ya peke yake. Umeme kukatika kule kupo, si kila wiki. Kuhusu petroli, nichukue CX-5 au X-Trail? Na nimeona pia Atto 3 ya kutoka China kwa bei ya chini kuliko hiyo niliyosema.

Spana_Chikongola

Kwa upande wa petroli, kwanza kodi. Zote mbili zina cc 1997, kwa hiyo ushuru wa bidhaa ni asilimia 5. RAV4 ya 2.4 na CX-5 ya 2.5 zimevuka cc 2000, zinaingia asilimia 10. Umri nao una ushuru wake: gari la miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, lililozidi 10 asilimia 30. Gari la miaka saba likichelewa kununuliwa kwa miezi michache likafikisha miaka 8, kile ulichookoa kwenye bei kinaondoka. Ingiza kila gari kwenye kikokotoo cha TRA kabla hujatuma hata shilingi, na la umeme uliingize humohumo, usikubali kukadiriwa kwa mdomo.

Kwa njia za huku, naipendelea CX-5. Sababu ni giaboksi. Ina otomatiki ya kawaida ya gia sita. X-Trail T32 ina CVT, giaboksi ya mkanda wa chuma badala ya gia, na CVT haipendi mchanga: ukizama njia ya Msimbati ukakanyaga mafuta, mkanda wa chuma unateleza, oili inachemka, kompyuta inapunguza nguvu, na gari linakataa kutoka ukiwa katikati ya mchanga. Haina maana ni gari bovu. Ina maana oili ya CVT ibadilishwe kila kilomita 40,000, iwe NS-3 halisi. Anayemwaga ATF, oili ya otomatiki ya kawaida, humo anaua giaboksi. Dalili ya kwanza ni gari kutetemeka likianza kuondoka na mlio kama wa nyuki ukiwa kwenye 40 hadi 60.

Linaloipa X-Trail nguvu ni spea. Bushi, shokapu, breki pedi, kitako cha injini, vyote unavipata kirahisi na basi la usiku linavileta kutoka Kariakoo. Vya CX-5 vipo, ila kwa baadhi ya vitu, hasa taa na vifaa vya kompyuta, utasubiri na utalipa zaidi.

Injini zote mbili zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida ni ulaji mdogo. Hasara ni mbili. Petroli haioshi tena vali za kuingiza hewa, hivyo masizi yanajenga ukoko. Ikifika kilomita laki moja na zaidi unaanza kuona gari likikohoa asubuhi na sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) ikipiga vipindi. Dawa ni kufungua manifoldi na kusafisha vali kwa mkono, si kumwaga dawa kwenye tanki. Hasara ya pili ni pampu ya presha kubwa na noozeli zake. Haziwezi maji wala uchafu. Weka mafuta kwenye sheli yenye mauzo makubwa, na ukikuta lori linashusha mafuta pale, ondoka urudi baadaye, maana mashapo ya chini ya tanki yanakuwa yametibuliwa.

Kimo: CX-5 iko milimita 210 kutoka chini, X-Trail 205 hivi, Atto 3 ni 175. Hiyo tofauti ya vidole viwili ndiyo inayokwaruza tumbo kwenye makorongo ya malori ya korosho. Na tumbo la Atto 3 ni betri.

Dizeli ya CX-5 (2.2) mtu akikushawishi kwa sababu inakula kidogo, kataa. Ina chujio la masizi kwenye ekzosi linalohitaji safari ndefu ya moto ili kujisafisha. Kwa kilomita 35 za mjini litaziba, dizeli itaanza kuingia kwenye oili, na kiwango cha oili kitapanda badala ya kushuka.

Uamuzi wangu: nyumba yenye gari moja tu, Dar mara nne kwa mwaka na Newala kila wiki, chukua petroli.

Volti_Mikindani

Spana, sehemu kubwa nakubaliana nawe. Uamuzi wa mwisho nakupinga, nitaeleza. Kwanza nimjibu ndugu yetu kuhusu ile ya China, maana hapo anaweza kupoteza fedha vibaya.

Atto 3 hiyohiyo inauzwa China kwa jina la Yuan Plus. Usukani uko kushoto. Kwenye barabara ya Mingoyo hadi Nangurukuru, njia mbili, malori mbele, hutaona kinachokuja mpaka uwe umeshatokeza gari zima. Tundu la kuchaji ni la GB/T, kiwango cha China. Maandishi ni ya Kichina na huduma za mtandao zimefungwa kwa soko la kule. Achana nayo.

Kwa usukani wa kulia, uliza limetoka soko gani, na usiridhike na jibu, fungua kifuniko cha kuchajia uangalie. La Uingereza au Australia lina tundu la Type 2 na chini yake matundu mawili manene ya CCS2, ya kuchaji kwa kasi. La Japani lina matundu mawili tofauti, Type 1 ya kawaida na CHAdeMO ya kasi, na betri yake imeandikwa kWh 58.56, si 60.48. Ukiambiwa 60.48 halafu ukakuta CHAdeMO, muuzaji ama hajui gari lake ama anakudanganya. Chukua la Type 2. Nyaya na chaja zake ndizo zinazopatikana kirahisi.

Betri ya Atto 3 ni ya LFP (aina ya lithiamu yenye chuma na fosfeti) na inapozwa kwa mzunguko maalumu, kwa hiyo joto la Mtwara inalivumilia. Usiichanganye na Nissan Leaf ambayo betri yake inapozwa na hewa tu. Ndiyo maana Leaf zilizotoka nchi za joto unazikuta na vijiti tisa au nane vya afya ya betri kati ya 12. LFP unaichaji mpaka 100 bila hofu, tena inatakiwa ufike 100 angalau mara moja kwa wiki ili kompyuta ijue seli ziko wapi na izisawazishe. Usipofanya hivyo, dashibodi itaanza kusema uongo: unaona asilimia 25, ghafla ni 9.

Kuikagua: chukua kifaa cha OBD cha bluetuthi, kile cha kusomea kompyuta ya gari, na programu inayosoma BYD. Angalia tofauti ya volti kati ya seli ya juu na ya chini. Hapa fundi asiyejua anapotea, kwa sababu LFP kuanzia asilimia 30 hadi 80 volti zake zimelala karibu mstari mmoja, hata seli mgonjwa inaonekana nzima. Pima ikiwa chini ya 20 au juu ya 95. Katikati, milivolti 10 hadi 20 ni kawaida. Chini ya 20, ukiona seli moja imeachwa nyuma kwa milivolti mia na zaidi huku gari limetulia, ondoka.

Kisha lipandishwe juu. Bamba la chini ya betri likiwa na mkwaruzo mwepesi si neno. Likiwa na bonde lililoingia ndani, au boliti za pembeni zimepinda, usinunue. Angalia pini za tundu la kuchaji: zing'ae. Ya kahawia au iliyotoboka imeungua au imeliwa na chumvi. Lichaji nusu saa mbele yako kwa kebo utakayopewa, si kebo ya yadi.

Vitu vitatu vya kujiandaa navyo. Magari haya mengi hayaji na tairi la akiba, unapewa chupa ya gundi na pampu. Gundi inaziba tundu la msumari. Ubavu uliochanwa na jiwe hauzibwi. Nunua rimu na tairi la 215/55 R18, jeki na spana, uvibebe kila ukipanda Newala. Pili, likikwama halivutwi kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini, maana mota inazalisha umeme. Ni brekdauni ya kubeba, na bei yake ujue mapema. Tatu, breki. Kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, diski hazifanyi kazi, na hewa ya chumvi ya Shangani inazila kutu. Mara moja kwa wiki, barabara ikiwa nyeupe, weka gia ya N ukiwa kwenye 50 na ukanyage breki mpaka 10, mara nne tano. Kila mwaka pini za kalipa zitolewe na zipakwe grisi.

Sasa Spana: milioni 5 kwa mwaka si fedha ya kupita juu yake. Safari nne za Dar kwa basi, hata ukiwalipia familia nzima, hazifiki hapo. Newala ina soketi. Kumnunulia mtu gari la petroli la kila siku kwa ajili ya siku nane za mwaka naona si sawa.

Spana_Chikongola

Volti, hoja ya fedha naikubali. Shaka yangu ni siku ambayo mambo yanaharibika. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipoikata barabara ya Dar maeneo ya Somanga na Kilwa, njia iliyobaki ilikuwa kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea mpaka Makambako, zaidi ya kilomita 1,500 kufika Dar. CX-5 inajaza tanki lake la lita 56 mara tatu na inafika. Atto 3 hapo imekaa nyumbani. Na mgonjwa wa kukimbizwa Muhimbili hasubiri ratiba ya basi.

Pia fundi. Mfumo wa volti 400 haushikwi na kila mtu. Anatakiwa mwenye glavu za volti 1,000 na anayejua kukata umeme wa betri, asubiri, apime, ndipo aguse. Kosa la kompresa ya AC ambalo kwenye CX-5 linamalizwa na fundi wa Chikongola mchana mmoja, kwenye Atto 3 kompresa ni ya umeme mkubwa na inapoza betri pia. Ikifa, gari linajipunguzia nguvu.

Korosho_Ghafi

Hiyo ya Dar kwa umeme ikoje hasa? Haiwezekani kabisa, au ni ngumu tu? Na haibridi, ya petroli na umeme pamoja, haiwezi kuwa katikati?

Uwanda_wa_Makonde

Inawezekana kwa siku mbili. Mtwara hadi Nangurukuru ni kama kilomita 260, unatumia kWh 47. Kuzirudisha kwa ampea 10 ni saa 22 au 23. Kwa kebo ya ampea 16 kwenye soketi ya bluu ya viwandani ni saa 14, kwa hiyo unaingia saa tisa alasiri, unaondoka alfajiri. Kilomita 300 zilizobaki zinataka asilimia 90, na hapo huna nafasi ya mchepuko mrefu. Ipigie simu nyumba ya wageni kabla, uulize kama wana soketi hiyo na kama jenereta yao inaruhusiwa kubeba kW 3.6 usiku kucha. Nyingi zitakataa, na zina haki. Chaja za kasi za miradi usizihesabu mpaka umeiona chaja kwa macho ikichaji gari.

Haibridi kwa ufupi: C-HR iko chini mno kwa Tandahimba. RAV4 haibridi ni gari zuri sana ila cc 2487, kwa hiyo asilimia 10 ya ushuru, na bei yenyewe iko juu. X-Trail haibridi inarudi kwenye CVT ileile, na tanki lake ni lita 41 tu. Kwenye Toyota yoyote ya haibridi, kuna feni ya kupoza betri karibu na siti ya nyuma. Vumbi la huku linaiziba, kwa hiyo kichujio chake kisafishwe kila miezi mitatu, la sivyo betri inakufa kwa joto kabla ya wakati.

Stima_Ligula

Korosho, kabla hujachagua upande, fanya kipimo kimoja kisicho na gharama. Chukua malta (kipima umeme), pima volti kwenye boksi lako saa moja usiku, saa nne na saa tisa usiku, kwa wiki moja, huku pasi au birika la umeme limewashwa. Andika.

Ukipata 215 na kuendelea muda wote, weka chaja ya 32 na usiwe na shaka. Ikicheza kati ya 195 na 215 jioni halafu saa tisa usiku ikapanda, weka waya wa milimita 10 kama nilivyosema lakini ipange chaja ianze saa tano usiku kwa ampea 16. Kwa mizunguko ya mjini hiyo ni ziada, maana kilomita 35 zinataka uniti 7 tu, saa mbili zinatosha. Baada ya Newala utahitaji saa 16, ambazo usiku mmoja hautoshi, kwa hiyo safari ya Newala isiwe siku moja kabla ya Lindi.

Ikishuka chini ya 195 wakati birika limewashwa, tatizo liko nje ya nyumba: waya wa kutoka kwenye nguzo ni mwembamba au transfoma imezidiwa. Peleka hizo namba TANESCO kwa maandishi, na usilipie gari la umeme mpaka waje warekebishe na wewe upime tena. Chaja ikikuta volti 185 na mzigo wa ampea 16 itakuwa inakata na kuwaka usiku kucha, na asubuhi utakuta asilimia 40 badala ya 100.

Na soketi ya Newala ipimwe hivyohivyo, saa sita mchana, mashine za ofisi zikiwa zinafanya kazi. Ethi yake pia.

Korosho_Ghafi

Malta ninayo. Naanza leo saa moja usiku, Newala nitapima Alhamisi. Nikipata namba za wiki nzima nitaziweka hapahapa. Spana, nitumie basi orodha ya vitu vya kuangalia kwenye CX-5 ikiwa bado iko Japani, nikiwa na picha tu.

Spana_Chikongola

Omba picha za chini ya gari, hasa mbavu za fremu ya nyuma, matundu ya shokapu na bomba za breki. Gari la Hokkaido na mikoa ya theluji huwa limeliwa na chumvi ya barabarani, na likifika Shangani chumvi nyingine inamalizia. Karatasi ya mnada iwe na alama 4 au zaidi, uone kama imeandikwa R au RA, maana hizo ni ajali zilizorekebishwa. Omba video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, simu iwe karibu na ekzosi, sekunde 30. Moshi wa bluu ukitoka mwanzoni ukapotea, ujue inakula oili. Odometa ilingane na karatasi ya ukaguzi wa mwisho. Na uombe mwezi na mwaka wa kutengenezwa, si wa kusajiliwa, uulinganishe na ile miaka 8 ya TRA kwa tarehe ambayo meli itashusha.